Waliokuwa Nyuma ya Gari

Jumatatu

Tumeondoka Mwenge saa kumi na mbili asubuhi, watu wanne ndani ya Noah: mimi, mpigapicha, fundi wa sauti na dereva. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu usiku wa manane. Tegeta tulikaa kwenye foleni dakika arobaini. Bunju tukasimama kunywa chai, na hapo ndipo mpigapicha alipofungua begi lake akakuta chaja ya betri za kamera haimo. Ilibaki Sinza, juu ya kabati la vyombo. Betri zenye chaji zilikuwa mbili.

Alimpigia simu mdogo wake, naye akampa bodaboda mzigo. Bodaboda alitufikia Bagamoyo saa saba mchana, amelowa chapachapa, mfuko wa nailoni ameuficha kifuani ndani ya koti usipate maji. Ndani ya mfuko mlikuwa na chaja ya mashine ya kunyolea. Kijana wa watu hakuwa na kosa, alibeba alichopewa. Tulimlipa, tukampa wali na samaki, akarudi zake kabla mvua haijazidi. Chaja yenyewe imekuja jioni na daladala ya Makumbusho, mkononi mwa konda, ambaye alikataa kupokea hata shilingi.

Kwa hiyo leo hatujapiga picha hata moja. Nimekaa barazani nikiandika upya mpango wa sehemu hii, maana ule niliokuja nao una kasoro, na kasoro hiyo nimeiona leo tu, tulipokuwa foleni.

Mfululizo wetu unahusu viwanja vya mbio za magari vilivyosahaulika. Kwingine kazi hii ina pa kushika. Ufaransa, pale Reims, majukwaa ya watazamaji na vibanda vya mafundi bado vimesimama kando ya barabara ya mashambani, matangazo yakiwa ukutani, ingawa mbio za Formula 1 zilipita pale mara ya mwisho mwaka 1966. Uingereza kuna Brooklands, uliofunguliwa 1907, na vipande vya kona zake za zege zilizoinuka kama ukuta vipo hadi leo. Casablanca walikimbia kwenye barabara ya pwani ya Ain Diab mbio za ubingwa wa dunia mara moja tu, Oktoba 1958, na barabara ile mtu anaweza kuifuata kwa ramani kona kwa kona. Hata sisi, tulipopiga sehemu ya kwanza karibu na Gilgil, Kenya, palikuwapo mahali pa kusimamisha kamera na kusema: hapa ndipo Langa Langa, hapa magari yalizunguka miaka ya 1950.

Pwani hii haina zege la kuonyesha. Uwanja ulikuwa barabara ileile ya basi, ya ng'ombe, ya mama anayepeleka mihogo sokoni. Mbio za Safari za Afrika Mashariki zilipita barabara ikiwa wazi kwa kila mtu, zikaenda zake, barabara ikaendelea na kazi. Ukimwuliza mtu wa Msata uwanja wa mbio uko wapi, atakuonyesha lami, na juu ya lami lori. Nilikuja kutafuta mahali, na mahali hapapo.

Jumanne

Kosa la leo ni langu. Barua ya utambulisho niliielekeza Halmashauri ya Wilaya ya Bagamoyo, kumbe Msata na daraja la Wami viko Halmashauri ya Chalinze. Wilaya ni moja, halmashauri ni mbili. Mtu yeyote wa huku angeniambia, kama ningeuliza. Tuliandika barua mpya kwenye steshenari ya jirani. Wino mweusi wa printa ulikuwa umekwisha, ikatoka ya bluu hafifu, kama imefuliwa. Nikasaini kwa kalamu nyeusi ili angalau jina langu lisomeke. Chalinze tulipokelewa vizuri na muhuri ukagongwa.

Kutoka Bagamoyo mpaka Msata ni kilomita 64 na yote ni lami. Dereva wetu ni mwenyeji wa Kiwangwa, na aliijua barabara hii ikiwa ya udongo. Ujana wake alikuwa utingo wa fuso la mananasi, na masika waliweza kulala njiani siku mbili, mananasi yakichachia mgongoni. Alianza kutuonyesha kwa kidole mahali walipokuwa wakinasa: pale kwenye mwembe, pale kabla ya kilima, pale palipo na duka la simu sasa. Nilihesabu, akafika kumi na moja. Mahali walipopita salama hapakumbuki hata pamoja.

Nilimwuliza nani alikuwa akiwasukuma.

"Watu," alisema.

Watu gani?

"Watu wa hapo, dada. Ukinasa, watu wanakuja."

Kurudi tumepata pancha hapohapo Kiwangwa. Jeki ilikuwa chini ya mizigo yote, kwa hiyo mizigo yote ikashushwa kwenye majani mabichi: taa, stendi, sanduku la droni, begi la nguo zangu. Begi langu halikuwa limefungwa zipu vizuri. Nguo zimeanikwa chumbani sasa hivi, na chumba kinanuka tope.

Jumatano

Nilitaka picha ya kufungulia filamu: gari likipita ufukweni maji yakiwa yamekupwa, nyuma yake mashua zimelala ubavu. Dereva alisema mchanga ule mbele ya soko la samaki ni laini. Nikamwambia ni dakika tano tu.

Gari lilienda kama hatua thelathini, likashuka. Halikuzama kwa kishindo. Lilijikalisha polepole, kama mtu mzima anayeketi mkekani. Dereva alijaribu kurudi nyuma na magurudumu yakachimba zaidi. Alipozima injini nikasikia maji. Ilikuwa bamvua, na bahari ya bamvua ikianza kujaa haimsubiri mtu. Ilikuwa mbali tulipofika. Baada ya robo saa ilikuwa imefika mashimo ya kaa yaliyo mbele ya bampa.

Sikumwita mtu. Wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu chini ya mkungu waliinuka wenyewe, kama kumi na wawili hivi, wakaja bila haraka. Mzee wao alizunguka gari mara moja, akamwambia dereva apunguze upepo kwenye tairi zote nne. Vijana wawili wakaenda kuleta magogo wanayosukumia ngalawa, wakayachomeka chini ya magurudumu. Mimi nikaambiwa, "Dada, wewe kaa kule juu na kina mama," nikaenda. Kisha wakasimama nyuma ya gari, bega kwa bega, wengine wakiwa ndani ya maji mpaka magotini, na mmoja akaanza kuitikisha kama wanavyofanya wakivuta jahazi. Mara ya kwanza halikwenda. Mara ya pili likainuka kidogo likarudi. Mara ya tatu likapanda gogo, na wakalisukuma bila kupumzika mpaka kwenye majani.

Waliponawa mikono nikaenda nyuma ya gari. Kioo kizima kilikuwa kimejaa viganja. Vingine vikubwa, kimoja kidogo, cha mtoto niliyekuwa sijamwona kabisa. Magamba ya samaki yalikuwa yameganda kwenye alama za vidole, madogo, meupe, yakimeta jua lilipotoka kidogo.

Nikamwuliza mpigapicha kama amepata lolote. Kamera ilikuwa ndani ya gari. Aliifunga kwenye mfuko na kuiweka chini ya kiti tangu maji yalipoanza kuja, ili chumvi isiiharibu, na alifanya sawa kabisa. Hatuna picha ya tukio hilo. Nina simu yenye picha moja ya kioo, na picha hiyo imetikisika.

Jioni fundi wa gereji amesafisha breki. Amekuta mchanga, mwani, na dagaa mmoja.

Alhamisi

Mvua kutwa. Hakuna mtu aliyetoka.

Saa nne asubuhi fundi wa sauti aliweka maiki barazani arekodi mvua ikipiga bati, kwa ajili ya akiba. Maiki ile huvishwa manyoya ya kijivu ya kuzuia upepo. Aliingia ndani kuchukua kahawa. Kunguru akaja, akasimama kwenye ukingo wa baraza, akaitazama maiki kwa jicho moja, kisha kwa jingine, akayavuta manyoya kwa mdomo mpaka yakatoka kama soksi inavyovuliwa, akaruka nayo juu ya mnazi wa jirani. Fundi alikuta maiki uchi. Sauti ya wizi wenyewe imerekodiwa vizuri, dakika moja na sekunde kumi. Tuliahidi zawadi kwa kijana atakayepanda, lakini mnazi umelowa na mama mwenye nyumba amekataza mtu yeyote kupanda, na ni kweli, hakuna manyoya yanayostahili mguu wa mtoto wa mtu.

Siku nzima nimeshinda na picha za zamani kwenye kompyuta. Niandike hapa ninachokijua, nikipange kichwani kabla ya kesho.

Mbio zilianza mwaka 1953, kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka ule hakutangazwa mshindi mmoja wa jumla. Aliyepoteza pointi chache kuliko wote alikuwa Alan Dix na Volkswagen yake. Baadaye zikawa za Pasaka, maana yake zikawa za masika, na hapo ndipo zilipopata sifa duniani: maelfu ya kilomita za udongo mwekundu na tope jeusi, usiku na mchana, kila dakika ya kuchelewa ikihesabiwa. Mara mbili, 1963 na 1968, magari yaliyomaliza yalikuwa 7 tu. Peugeot 404, ambayo wazee wetu wote wanaiita Pijo, ilishinda mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Mbili za katikati alishinda mkazi wa Tanzania, Bert Shankland, akisomewa njia na Chris Rothwell. Joginder Singh wa Kenya alishinda 1965 na Volvo, kisha mara mbili tena na Mitsubishi. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano.

Mwaka 1972 mbio zilianzia Dar es Salaam na kuishia Dar es Salaam. Mshindi alikuwa Hannu Mikkola wa Finland na msaidizi wake Gunnar Palm, kwenye Ford Escort. Mikkola alikuwa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda. Kwa karibu miaka ishirini hakuna mgeni aliyeweza kumshinda mtu anayeishi kwenye tope hili. Kuanzia 1974 mbio zikawa za Kenya peke yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, mpaka wetu na Kenya ukafungwa, na watoto waliozaliwa baada ya hapo upande huu wakakua wakidhani Safari ni jambo la Wakenya. Mimi ni mmoja wao. Mwaka 2021 mbio ziliporudi kwenye ubingwa wa dunia, nilizitazama Sinza kwenye televisheni kama mtu anayetazama harusi ya mbali, mpaka mama yangu, akichambua mchele, akasema kwamba magari yale yalikuwa yakipita Tanga na kwamba babu yangu aliwahi kuyafungia njia kwa mbuzi. Hapo ndipo kazi hii ilipoanzia.

Sasa kuhusu picha. Nimezitazama zote ninazoruhusiwa kuzitumia, mara mbili, moja baada ya nyingine. Gari huwa mbele. Mpigapicha alisimama mbele ya gari, kwenye kona au kwenye mto, kwa sababu gari ndilo alilolijia. Nyuma yake, pale ambapo lenzi haikulenga, kuna watu. Katika picha moja naweza kuhesabu tisa, wameinama, mikono kwenye buti la gari, nyuso chini. Tope limewafunika. Chini ya picha pameandikwa jina la dereva, jina la msaidizi na aina ya gari.

Nilipoliona hilo nilisimama nikaenda dirishani. Toka hapa chumbani unaona miti ya misheni, na mule ndani ndimo ulimo mnara ambamo mwili wa Livingstone ulilazwa mwaka 1874, baada ya kubebwa kwa miguu kutoka Chitambo, Zambia ya leo. Susi na Chuma tunawajua kwa majina. Wenzao, makumi, walibeba mzigo uleule kwa miezi ileile. Mji huu wote umejengwa na watu waliokuja wakiwa na kitu begani, na vibao vya makumbusho vinaeleza zaidi juu ya kile kitu.

Nimefuta ukurasa wa kwanza wa mpango. Filamu hii itakuwa ya waliokuwa nyuma ya gari.

Ijumaa

Tumempata mzee. Anaishi kijijini kati ya Msata na Wami, mita mia moja kutoka barabarani. Mtendaji ndiye aliyetupeleka. Tulifika saa tano, tukapiga hodi, tukakaribishwa, na kabla sijafungua begi tukaletewa mihogo ya kuchemsha na chai ya mchaichai. Nilimwambia shikamoo babu, akaitika marahaba mwanangu, akauliza nyumbani kwetu ni wapi, baba yangu anaitwa nani, na kama tumekuja kupima ardhi. Nilipomweleza tulichofuata alinyamaza kidogo, kisha akacheka kwa furaha, akamwita mkewe kutoka jikoni. "Si nilikwambia," akamwambia. "Si nilikwambia kuna siku watu watakuja kuuliza."

Tulipoanza kurekodi, mashine ya kusaga ya jirani ikawashwa. Tukasubiri. Mashine ilipozimwa ikawa saa ya swala, mzee akaenda msikitini. Tukasubiri. Aliporudi, betri ya kamera ilikuwa imefika nusu na upepo ulikuwa umeanza kuvuma kutoka mashariki. Maiki haina manyoya. Fundi aliifunga kitambaa, akasema tutajaribu.

Alisimulia kwa saa nzima. Alikuwa na miaka kama kumi na sita. Ilikuwa usiku wa Pasaka, mvua kubwa, na wanakijiji walijua magari yatapita kwa sababu polisi walikuwa wamekuja mchana kuwaambia wafunge mifugo. Pijo ilikuja kutoka upande wa Dar, taa nne mbele, "usiku ukawa kama mchana wa watu wengine," ikaingia kwenye bonde la udongo mweusi, ikanasa mpaka mlangoni. Dereva hakushuka. Msaidizi alishuka na tochi mdomoni, akapaza sauti kwa Kiswahili kizuri, "Sukumeni, jamani, sukumeni!" Wakaenda vijana saba, yeye na kaka yake wakiwamo.

"Mwanangu, ukisukuma gari lililonasa, tope lote ni la kwako. Wewe huoni gari. Unaona giza, halafu linakuingia mdomoni."

Gari lilipotoka halikusimama. Halikuweza kusimama, lingenasa tena, hilo alilielewa hata akiwa kijana. Taa nyekundu mbili zikapanda kilima zikapotea. Kaka yake alikuwa amepoteza kubadhi moja mle topeni, kubadhi jipya la sikukuu, na walilitafuta kwa kibatari mpaka alfajiri. Hawakulipata. Kaka alikufa akilitaja.

Nikamwuliza ni mwaka gani. Alisema Azimio la Arusha lilikuwa halijatangazwa. Baadaye akasema hapana, lilikuwa limetangazwa, kwa sababu mwalimu alikuwa ameshawaeleza. Azimio ni Februari 1967. Basi ni Pasaka ya 1966 au ile ya 1967.

Kisha akaniuliza yeye. Aliinama kidogo mbele, akashika ukingo wa mkeka.

"Lile gari lilifika?"

Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja, na sijawahi kuulizwa swali na mtu aliyelisubiri kiasi hicho. Namba ya gari hakuiona. Ilikuwa mlangoni, chini ya tope. Nilitaka kumpa kitu. Nikamwambia miaka yote miwili aliyoitaja ilishinda Pijo, na dereva wake alikuwa mtu wa hapahapa Tanzania, ila Pijo zilikuwa nyingi. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa taratibu.

"Basi huenda lilikuwa letu," alisema.

Jumamosi

Wami. Tulifika mapema kupata mwanga. Daraja jipya lina urefu wa zaidi ya mita 500 na malori yanalipita bila hata kupunguza mwendo. La zamani ni la mwaka 1959, njia moja, jembamba kiasi kwamba unaelewa mara moja kwa nini madereva waliliogopa. Kwa zaidi ya miaka sitini kila kilichotoka Dar kwenda Tanga, Moshi na Arusha kwa njia hii kilisubiri zamu yake hapo.

Droni haikuruka. Kibali nilichoombea kinataja mji wa Bagamoyo, hakitaji daraja, na daraja si kitu cha kurushia droni kwa kubahatisha. Tukapiga kutoka ukingoni. Lenzi iliganda mvuke. Ilipokauka, lori la saruji lilipita kwenye dimbwi na kulirusha lote juu ya mpigapicha, ambaye aliinamia kamera akaifunika kwa mwili wake. Kamera haikupata tone. Yeye alibadili shati.

Mchana, chumbani, fundi wa sauti alinivalisha spika za masikioni bila kusema neno. Mahojiano ya jana: upepo. Unasikia "Azimio," unasikia "kubadhi," halafu shhh ndefu kama mtu anamimina mchanga. Lile swali lake halisikiki kabisa. Mdomo unaonekana ukitembea.

Nilimweleza mama mwenye nyumba habari ya manyoya. Aliingia ndani, akatoka na blanketi la manyoya la mjukuu wake ambaye sasa yuko darasa la pili, akakata kipande, akakaa kwenye cherehani. Alipima maiki kwa vidole kama anavyopima mkono wa shati. Baada ya dakika ishirini ilikuwa imevaa, rangi ya waridi, na mshono wake ni mzuri kuliko wa kiwandani. Fundi aliijaribu mbele ya feni. Inazuia.

Kesho tunarudi kwa mzee.

Jumapili

Mzee alikuwa shambani, mkewe akamtumia mtoto. Alikuja amevaa kanzu. Aliivaa kwa ajili yetu. Hapakuwa na upepo. Mashine ya kusaga haikufanya kazi, ni Jumapili. Betri zote zilikuwa zimejaa isipokuwa moja. Nikamwomba aanze tena tangu mwanzo.

Akaanza. Mvua, mifugo, taa nne. Na alipofika bondeni akasema, kwa sauti safi kabisa, hata pumzi inasikika: "Basi lile gari lililoshinda, la yule Mtanzania mwenzetu, likanasa pale."

Mpigapicha alinitazama. Mimi nilitazama chini.

Hakudanganya. Hana haja ya kudanganya. Mimi ndiye niliyempa neno lile juzi, na yeye amelala nalo siku mbili, ameliweka mahali palipokuwa na shimo. Nilimrudisha nyuma taratibu, nikamwuliza alichokiona kwa macho yake, na kila nilipomrudisha, gari lilikuwa lilelile, la ushindi. Rekodi ya Ijumaa ina ukweli na haina sauti. Ya leo ina sauti. Sitaitumia sehemu ile. Nimeandika hivyo kwenye daftari la kazi kwa herufi kubwa, ili hata nikishawishika wakati wa kuhariri nijikute nimeshajikataza.

Nikafunga daftari. Nikamwambia, "Babu, tusiseme tena. Nionyeshe ulivyosukuma."

Akainuka. Tukaenda wote barabarani, mkewe, wajukuu na mtendaji nyuma, mpaka pale Noah ilipokuwa. Nikamwambia mpigapicha aingie ndani, apige magoti kwenye kiti cha mwisho, aelekeze lenzi nyuma, kwenye kioo.

Mzee alikunja mikono ya kanzu mara mbili. Aligusa ukingo wa mpira wa kioo, akabandua kitu kwa ukucha, akakitazama.

"Mmebeba samaki humu?"

Gamba moja lilikuwa limenusurika mvua zote. Nilimweleza habari ya wavuvi na bamvua. Akauliza walikuwa wangapi, nikamwambia kumi na wawili na mtoto mmoja. Akaridhika, akalipangusa gamba kwenye kanzu. Kisha akaweka viganja kwenye kioo, akarudisha mguu wa kulia nyuma, akatafuta ardhi kwa vidole vya miguu, akainamisha kichwa. Alipokiinamisha alitoka nje ya fremu kabisa. Ikabaki mikono tu na kofia. Hivyo ndivyo walivyokuwa kwenye zile picha. Sikumwambia apandishe kichwa.

Dereva alikuwa amesahau kuvuta breki ya mkono. Gari likasogea.

Wajukuu walipiga kelele, dereva akakimbilia mlango wake, na mimi nikasema babu inatosha, achia. Hakuachia. Nilimsikia akihesabu kwa pumzi, akimwita kaka yake kwa jina, mara mbili, amwekee bega upande wa kushoto. Gari lilikwenda hatua nne juu ya lami kavu. Ndani, taa nyekundu ya kamera ilikuwa inawaka.